Ukichangisha fedha za wagonjwa, umeweka ahadi

Wengi huingia kwenye kazi hii wakidhani mtaji wake ni ulimi mtamu. Nami nilidhani hivyo. Nikiwa bado ofisa mchanga, nilimshawishi mfadhili mmoja atununulie mashine ya uchunguzi kwa kituo tulichokuwa tukikisaidia. Fedha zikaja, mashine ikazinduliwa, picha zikapigwa. Miezi kadhaa baadaye nilipita pale nikaikuta imefunikwa shuka. Hapakuwa na fungu la vipuri, wala mshahara wa mtaalamu wa kuiendesha. Kabla ya kuandika lile ombi sikuwa nimemuuliza hata muuguzi mmoja.

Nilimpigia mfadhili nikamweleza yote. Alikasirika, na alikuwa na haki. Lakini hakutuacha, maana habari mbaya ilimfikia kupitia kwangu, hakuisikia pembeni. Tangu siku hiyo siandiki ombi bila kukaa na watu wa tiba na mhasibu, na gharama za kukiendesha kitu naziweka ndani ya ombi lilelile.

Hapa ndipo uongozi hupimwa. Siku utakapokuwa mkuu wa idara, mwisho wa mwezi utakukuta mishahara haijatimia, huku akaunti ya mradi wa chanjo ikiwa na fedha. Mtu atasema, tena kwa nia njema kabisa: tuazime tu, tutarudisha. Kataa. Fedha zilizotolewa kwa masharti hubaki na masharti yake mpaka mwenyewe akubali kwa maandishi kuyabadilisha. Ndiyo maana miaka ya neema inakupasa uhangaikie zaidi fedha zisizo na masharti, hasa za wachangiaji wa kila mwezi, hata kama kiasi chao hakimvutii mjumbe yeyote wa bodi.

Michango hiyo midogo naithamini mno. Mwaka 1938 Wamarekani waliombwa watume sarafu ya senti 10 kupambana na polio, na sarafu zaidi ya milioni 2 zikamiminika Ikulu kwa njia ya posta. Shirika lililopokea michango hiyo ndilo lililogharimia utafiti wa mwanasayansi Jonas Salk, ambaye chanjo yake ya polio ilitangazwa kuwa salama na yenye kufanya kazi tarehe 12 Aprili 1955. Hiyo ni miaka 17. Fikiria kazi ya kuwashika watu mkono muda wote huo, wakati hakuna tiba ya kuwaonyesha! Kwa hiyo mkianza kazi, ulizeni kwanza: waliochanga mwaka jana, wangapi wamerudi mwaka huu? Wasiporudi, chunguzeni kama waliwahi kushukuriwa na kuambiwa fedha zao zilifanya nini.

Mwisho, picha za wagonjwa. Hadithi ya mtoto anayeumwa hufungua mikono ya watu upesi, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuitumia vibaya. Mzazi anayesubiri dawa kwako atakubali lolote, hivyo saini yake peke yake haitoshi. Mweleze picha itaonekana wapi na kwa muda gani, na kwamba akikataa, matibabu ya mwanawe yataendelea vilevile. Mama mmoja alinijia baada ya miaka miwili akiomba picha ya binti yake iondolewe, kwa kuwa shuleni wenzake walikuwa wameiona. Kwenye tovuti tuliitoa siku ileile. Vipeperushi vilikuwa vimeshasambaa, na vyenyewe sikuweza kumrudishia.