Wizi "umepanda kwa asilimia 75": je, niiache nyumba niliyopata Kigoma?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni muuguzi, nahamia Kigoma mjini kutoka Singida na nitakuwa na zamu za usiku. Nyumba nimeshapata, ila ndugu yangu kanirushia jedwali lisilo na jina la aliyelitengeneza. Linasema wizi katika kata hiyo umepanda kwa asilimia 75 ndani ya mwaka mmoja, na kiwango chake ni 175 kwa kila watu 100,000, wakati cha mji mzima ni 151. Hesabu hizi zinapatikanaje? Na je, niiache nyumba?

JIBU: Nzuri, dada, na karibu Kigoma. Kwa jedwali hilo peke yake, usiiache.

Kiwango hupatikana kwa kuchukua matukio yaliyoripotiwa polisi kwa mwaka, kugawa kwa idadi ya wakazi, kisha kuzidisha kwa 100,000. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 232,388 katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, kwa hiyo 151 ni sawa na matukio kama 350 mji mzima. Tuseme kata yako ina wakazi 8,000. Kwao, 175 ni matukio 14, na mwaka uliotangulia yalikuwa 8. Kata hiyo ingefanana kabisa na mji, ingepata 12. Basi kinachokutisha ni matukio 6 zaidi ya mwaka jana, na 2 tu zaidi ya wastani wa mji.

Namba ndogo hupanda na kushuka zenyewe, bila chochote kubadilika mtaani. Sisi wa takwimu tuna kipimo cha haraka: tafuta kipeuo cha pili cha idadi ya matukio, kizidishe mara mbili, hapo utaona nafasi ya kuyumba. Kipeuo cha pili cha 12 ni karibu 3.5, mara mbili ni 7. Kata yenye wastani wa matukio 12 inaweza kupata 5 mwaka huu na 19 mwaka ujao, hali ikiwa ileile; 8 na 14 za kata yako zote zimo humo. Kwa wizi wa majumbani kuyumba ni kukubwa zaidi, kwa sababu matukio hayaji moja moja. Kikundi kimoja kinaweza kuvunja nyumba nne ndani ya wiki. Kikikamatwa, mtaa unatulia.

Jambo linalonisumbua zaidi kwa mji kama huu ni ile idadi ya watu tunayogawia. Sensa huhesabu mtu alikolala. Sasa fikiria soko la Mwanga siku ya biashara, au mwalo wa Kibirizi alfajiri dagaa wanaposhushwa: wachuuzi, wapagazi, abiria wa maboti, wafanyabiashara kutoka Kongo na Burundi. Mmoja wao akiibiwa simu na kuripoti, tukio linaandikwa kwenye kata hiyo, lakini yeye mwenyewe hayumo kati ya wale wakazi 8,000. Kata inaonekana ya hatari kwa sababu tu watu wengi wanapita hapo. Kisha wageni wale wale wanalaumiwa kuwa ndio wameleta uhalifu, wakati jedwali halisemi nani kaiba. Linasema tu wapi mtu kaibiwa. Hilo linaniuma, maana nimeona likirudiwa kama ukweli.

Ziwa nalo lina kalenda yake. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika. Ukilinganisha wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi, unalinganisha mitaa yenye wanaume wachache usiku na mitaa iliyojaa. Vivyo hivyo Juni 2024 hailingani na Juni 2023: uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na pesa na watu havikuzunguka kama kawaida.

Na yote haya ni matukio yaliyofika polisi tu. Aliyeibiwa simu mara nyingi huandikisha kuwa "imepotea", apate karatasi ya kurudisha laini yake, basi. Upande wa pili, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi likifanya kazi vizuri, kesi za ukatili wa majumbani huongezeka vitabuni kwa sababu akina mama wameanza kuliamini. Kupanda kwa namna hiyo ni habari njema.

Wewe unahitaji kujua aina ya tukio, saa na mahali. Nenda kwa mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa na mkaguzi wa polisi wa kata. Usiwaulize "kuna usalama?", kwa kuwa kila mtu atajibu ndiyo. Uliza: nyumba ngapi zimevunjwa mtaa huu kwa miaka mitatu, saa ngapi, waliingilia wapi? Uliza pia kama vijana wa ulinzi shirikishi wanazunguka kweli, au michango tu ndiyo inayozunguka. Majirani watakaokuwa na majibu bora ni wale wanaoamka saa tisa usiku kuwahi mwaloni.

Kisha pita njia ya kwenda kazini saa ile ile ya zamu, ukiwa na mwenzako. Mji huu una vilima na makorongo. Nyumba mbili za kata moja zinaweza kutofautiana kabisa kwa sababu moja iko barabarani na nyingine unaifikia kwa kichochoro kinachopita kwenye mapagala. Ikiwa yako ni hiyo ya pili, tafuta nyingine katika kata hiyo hiyo. Ikiwa ni ya kwanza, ichukue, na utafute dereva mmoja wa bodaboda anayejulikana kijiweni awe wako wa kudumu. Na kama mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, taa ya nje na nondo za madirisha ziwekwe kabla hujampa hata shilingi.