Je, vidonge vya uzazi wa mpango vinakausha damu baada ya kutoa mimba?

Swali: Daktari, mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya huku Ndosho, Goma. Kuna binti aliyebakwa. Mimba ya wiki 8 ikatolewa kwa vidonge, kama Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, inavyoruhusu. Leo ni siku ya 10 na bado anaona damu. Mwenzangu anataka tumpe vidonge vya uzazi wa mpango, eti homoni zitaikausha. Ni kweli?

Jibu: Dada yangu, wazo hilo lilishajaribiwa. Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya wanawake 200 wa Hong Kong na Shanghai waliotoa mimba kwa mifepristoni na misoprostoli. Wengine walipewa vidonge vya uzazi wa mpango, wengine vidonge visivyo na dawa. Siku za damu hazikupungua.

Sababu iko kwenye nyama ya mji wa mimba. Mishipa iliyokuwa inalisha mimba inapita katikati ya nyuzi za misuli. Nyuzi zikikaza, mishipa inabanwa na damu inakatika. Kikibaki kipande ndani, misuli haikazi vizuri, na hakuna homoni ya uzazi wa mpango inayokitoa. Wengine hukimbilia oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, kwa kuwa wameizoea kwenye chumba cha kuzalia. Kwa wiki 8 nguvu yake ni ndogo, maana mji wa mimba bado haujawa na vipokezi vingi vya kuipokea.

Siku 10 peke yake isikutie hofu. Damu huchukua kwa kawaida siku 9 hadi 16, na wachache hufika 30. Usimwulize kama damu ni nyingi, kila mtu ana nyingi yake. Mwulize: jana ulibadilisha kotex ngapi, na zilikuwa zimelowa au zina madoa tu? Kisha mfunue kope ya chini na umtazame viganja, uone kama vimepauka kwa kupungukiwa damu. Akilowesha pedi 2 nzima kwa saa, saa 2 mfululizo, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Homa isiyoisha, uchafu unaonuka au kizunguzungu pia havingoji. Kikigundulika kipande kimebaki, kuna misoprostoli tena au AMIU, ile sirinji ya kuvuta kwa mkono. Kiretaji, kile chuma cha kukwangulia mji wa mimba, tumekizoea mno kwetu, na kinaumiza bure.

Vidonge vyenyewe mnaweza kumpa leo, kwa kazi yake halisi: yai linaweza kutoka tena siku ya 8 tu baada ya mimba kutolewa. Mwambieni kabla kwamba vinaweza kumletea madoa ya damu, asije akaviacha kwa woga. Na huyu ni binti aliyebakwa. Mtu ameshamwamulia mambo ya mwili wake kwa nguvu. Mweleze, kisha umwache achague mwenyewe, hata akisema hapana.