Maswali yenu: Nani ana sikio la Bunge la Marekani?

Tangu tulipogusia siasa za Marekani, wengi mmeniandikia kuhusu jambo moja: wale watu wanaolipwa kwenda kuongea na wabunge, yaani washawishi. Nimechagua maswali sita, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo mwandishi. Huku kwetu ukimpelekea mbunge bahasha ili sheria ipite, Takukuru watakuja kukuchukua. Mbona Marekani wanafanya mchana kweupe na wanaiita kazi? — Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba. Bahasha ni jela hata kule. Jack Abramoff, mshawishi aliyetamba Washington miaka ya mwanzo ya 2000, alikiri makosa mahakamani Januari 2006 na akafungwa. Alikuwa amehonga maafisa na kuwalaghai wateja wake mwenyewe, yaani makabila ya Wenyeji wa Marekani yaliyokuwa na kasino.

Kinachoruhusiwa ni kuongea. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanampa kila mtu haki ya kupeleka malalamiko yake serikalini, na hayatofautishi mjane anayeandika barua kwa mkono na kampuni ya dawa inayokodi mawakili ishirini. Kwa sheria ya mwaka 1995, anayeifanya kama kazi lazima ajisajili na aseme analipwa na nani. Waliojisajili ni zaidi ya 12,000, na pesa inayotumika kwa mwaka imeshapita dola bilioni 4. Tena hao ni wanaoonekana. Anayetumia chini ya asilimia 20 ya muda wake kwa mteja halazimiki kujisajili. Yeye anajiita mshauri, na Washington ina washauri wengi sana.

Hivi mshawishi akiamka asubuhi anafanya nini hasa? Anakwenda kumbembeleza mbunge? — Msomaji, Mombasa

Kubembeleza kupo, ila kazi kubwa ni kuandika. Mbunge ana wasaidizi wachache, wengi vijana waliotoka chuo juzi, na kila mmoja amebebeshwa kilimo, afya na benki kwa pamoja. Anapotokea mtu mwenye uzoefu wa miaka thelathini, akiwa na karatasi iliyoandikwa vizuri, tena bila malipo, kijana anashukuru.

Mwaka 2013 gazeti la New York Times lilionyesha jinsi muswada mmoja wa kulegeza masharti ya benki ulivyotengenezwa. Kati ya mistari yake 85, zaidi ya 70 ilifuata mapendekezo ya benki ya Citigroup. Aya mbili muhimu zilinakiliwa karibu neno kwa neno. Wabunge walibadilisha maneno mawili tu, wakayaweka katika wingi. Desemba 2014 kifungu hicho kilichomekwa ndani ya sheria nene ya bajeti ambayo ilibidi ipite la sivyo serikali ifunge ofisi, kikapita nayo.

Halafu kuna mlango wa nyuma. Billy Tauzin aliongoza kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoshughulikia sheria ya dawa za wazee ya mwaka 2003, ambayo ilikataza serikali kujadiliana bei na kampuni za dawa. Kura yake ilipigwa usiku wa manane na ikaachwa wazi kwa muda wa karibu saa tatu, huku viongozi wakiwazungukia wabunge waliosema hapana. Mwaka 2005 Tauzin alikuwa ameshakuwa mkuu wa chama cha kampuni za dawa. Katazo lile lilikuja kulegezwa mwaka 2022.

Nasikia kampuni hairuhusiwi kumchangia mgombea. Halafu nasikia mabilioni. Nishike lipi? — Msomaji, Kampala

Shika yote mawili. Kampuni zilikatazwa kuwachangia wagombea wa ngazi ya taifa tangu 1907, na katazo lipo mpaka leo. Mtu binafsi naye ana kikomo: kwa msimu wa 2025 na 2026 ni dola 3,500 kwa mgombea kwa kila uchaguzi.

Mlango ulifunguliwa pembeni. Januari 2010 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba kampuni na vyama vya wafanyakazi vinaweza kutumia pesa bila kikomo kwenye kampeni, mradi wasishirikiane na mgombea. Miezi michache baadaye zikazaliwa kamati zinazoitwa Super PAC. Elon Musk peke yake alitumia zaidi ya dola milioni 250 kwenye uchaguzi wa 2024.

Mimi lakini hunitisha zaidi kamati moja isiyopiga kelele, Fairshake, inayofadhiliwa na kampuni za sarafu za kidijitali. Mwaka huohuo kundi lake lilimwaga kama dola milioni 40 Ohio kumwangusha Seneta Sherrod Brown, mwenyekiti wa kamati ya benki na mkosoaji wa sarafu hizo. Akaanguka. Huko California walitumia dola milioni 10 dhidi ya Katie Porter, aliyegombea useneta, na matangazo yenyewe hayakutaja sarafu hata kidogo. Wabunge waliobaki waliuelewa ujumbe bila kuandikiwa. Julai 2025 sheria ya kwanza kubwa ya sarafu hizo ilisainiwa, ikiwa imepigiwa kura na wabunge wa vyama vyote viwili.

Kwa hiyo mwenye pesa hashindwi? — Msomaji, Arusha

Anashindwa, tena vibaya. Michael Bloomberg alitumia karibu dola bilioni moja kutafuta urais mwaka 2020, akashinda visiwa vya American Samoa tu. Aprili 2025 Musk na makundi yake walitumia zaidi ya dola milioni 20 kwenye kiti cha jaji wa mahakama ya juu ya Wisconsin; mgombea wao akapigwa kwa tofauti ya karibu asilimia 10. Nchi nzima ilikuwa inatazama. Pesa hufanya kazi vizuri zaidi kwenye mambo ambayo mpiga kura hayajui au yanamchosha.

Ninauza mitumba Karume, Dar. Haya ya Washington yananihusu nini mimi? — Mama wa watoto watatu

Mama, wewe ndiye unayehusika kuliko wote walioandika.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vifufuke. Machi 2017 chama cha Marekani cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika, kifupi chake SMART, kikapeleka malalamiko kwenye ofisi ya mwakilishi wa biashara wa serikali yao. Kilidai ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Silaha yake ilikuwa AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa zetu nyingi kuingia Marekani bila ushuru. Ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2015, iliongezewa kipengele cha kupeleka ombi la kuichunguza nchi wakati wowote.

Kenya ilijitoa mapema, kwani viwanda vyake vinashonea soko la Marekani. Julai 2017 kikao cha kusikiliza pande zote kikafanyika Washington. Tanzania na Uganda nazo zikarudi nyuma. Rwanda ilikataa: ilikuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ikaubakiza. Tarehe 30 Julai 2018 Rais Trump akaiondolea Rwanda msamaha wa ushuru kwa nguo zake.

Angalia kilichotumika: barua, kikao kimoja, na kipengele ambacho Mmarekani wa kawaida hajawahi kukisikia. Hapakuwa na tangazo la televisheni wala uchaguzi. Belo unalofungua alfajiri lilipiganiwa na watu wasiojua Karume iko wapi, na ushindi wao ulikupa wewe riziki huku ukimbana fundi aliyetaka kushona shati jipya Morogoro. Sitakuambia umshangilie nani.

Mimi Mkongomani, niko Columbus, Ohio, nina green card. Mdogo wangu yuko kwa viza ya masomo. Tunaweza kumchangia mgombea? — Kaka mkubwa

Wewe unaweza, kwa kikomo kilekile cha dola 3,500. Kupiga kura subiri uraia. Mdogo wako asitoe hata dola moja, kwa mgombea wala kwa Super PAC, maana ni kosa. Kujitolea kwenye kampeni bila malipo anaruhusiwa.

Msiidharau simu pia. Ofisi ya mbunge huhesabu simu za watu wa eneo lake. Watakuuliza anwani au namba ya posta kwanza, hivyo mpigie wa kwako. Ukimpigia wa mji mwingine, kijana atakusikiliza kwa adabu na simu yako haitahesabiwa.