Maswali Yenu: Nianze na cheti kipi cha kompyuta?

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 22, naishi Tanga. Nilimaliza kidato cha nne, alama za kuendelea sikupata. Sasa niko kwenye kibanda cha kaka yangu, natengeneza simu na kuweka Windows kwenye laptopu za watu. Natamani siku moja niajiriwe ofisini kama fundi wa kompyuta. Rafiki yangu mmoja ananiambia nifanye cheti cha A+, kile cha msingi cha ufundi wa kompyuta. Mwingine anasema huko ni kupoteza hela, nisome usalama wa mitandao moja kwa moja. Tena kuna mtu WhatsApp anauza maswali ya mtihani pamoja na majibu yake. Nifanyeje? Msomaji, Tanga.

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana nilipokuwa na umri wako nilikuwa hapo hapo ulipo. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa kwenye duka la kutoa kopi, Mwenge, Dar es Salaam, na kompyuta za wateja nilikuwa nazifungua nyuma ya kaunta.

Siku moja mwalimu alituletea kompyuta ya mezani. Ukiwasha, feni inazunguka, kioo cheusi, halafu inapiga mlio: pii, pii, pii. Nikaamua ni umeme. Nikanunua pawasaplai mpya kwa hela ya duka, nikafunga, mlio ule ule. Nikang'oa hadi diski, nikasafisha, nikarudisha. Siku ya tatu akaingia mzee mmoja fundi, amekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Akausikia ule mlio akiwa bado mlangoni. Akaomba kifutio cha penseli, akachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu ya kompyuta, akasugua yale meno ya dhahabu taratibu, akairudisha na kubonyeza mpaka vibanio vya pande zote mbili vikalia. Kioo kikawaka. Akaniuliza, "Binti, siku tatu inakuita, hukuuliza inasema nini?"

Cheti cha A+ nilikipata miaka mingi baadaye, 2012, na nilipofika kwenye sura ya kutafuta hitilafu nilimkumbuka yule mzee. Hicho ndicho A+ inachokupa: utaratibu. Unaanza kwa kulijua tatizo, kwa kumhoji mtumiaji na kuangalia nini kimebadilika. Unakisia chanzo, ukianza na kile kilicho wazi zaidi. Unajaribu kuona kama umekisia sawa. Unapanga namna ya kurekebisha na kurekebisha. Unahakikisha kila kitu kinafanya kazi na unazuia tatizo lisirudi. Mwisho unaandika ulichokuta na ulichofanya. Kwenye kibanda ile hatua ya mwisho hakuna anayeifanya. Ofisini, fundi asiyeandika anawarudisha wenzake mwanzo kila siku.

Sasa mambo ya mtihani. A+ inatolewa na CompTIA, shirika la Marekani, tangu 1993. Ina mitihani miwili, na yote miwili lazima uifaulu ndipo upewe cheti. Ya sasa ni 220-1201, yenye mambo ya vifaa na mtandao, na 220-1202, yenye Windows na mifumo mingine, usalama na utaratibu wa kazi. Kila mmoja ni dakika 90, maswali hayazidi 90. Alama ya kufaulu ni 675 kwa wa kwanza na 700 kwa wa pili, kwa kipimo kinachoishia 900. Baadhi ya maswali ni ya vitendo: unawekewa tatizo kwenye kioo, unalitatua. Angalia sana vitabu vya mitumba, kwa sababu toleo la 1101 na 1102 limekwisha kuondolewa, na bado vitabu vyake vinauzwa barabarani.

Ada inalipwa kwa kila mtihani, na Marekani kwenyewe mmoja unapita dola 200. Kwa mtu wa kibanda hiyo ni hela ya kuchanga miezi mingi. Kwa hiyo vocha ya kulipia mtihani iwe kitu cha mwisho kununua. Kozi za bure za kujifunzia mtandaoni zipo nyingi, unachohitaji ni bando na nidhamu. Tafuta kompyuta moja ya mezani iliyokufa, ifungue yote, itaje kila kifaa kwa jina, irudishe. Rudia mpaka mikono izoee.

Mtihani hauna Kiswahili, na hapo ndipo wengi wenye akili nzuri wanapoangukia. Mimi nilinunua kaunta buku. Kila somo nililiandika kwa Kiswahili changu mwenyewe, kama vile namweleza mdogo wangu, halafu ndipo nikasoma maswali ya Kiingereza. Mpaka leo nikitaja hatua za printa ya leza, kuanzia kuchaji ngoma mpaka tona kuyeyushwa kwenye karatasi, nazitaja kwa Kiswahili cha daftari lile.

Huyo wa WhatsApp mfute. CompTIA wakigundua umetumia maswali ya wizi wanaweza kukunyang'anya cheti na kukufungia mitihani. Na usipogunduliwa na wao, utagunduliwa na mtu kama mimi. Ninapohoji vijana kwa ajili ya kazi ya kuhudumia watumiaji, nina swali langu moja: mtu amepiga simu, hana mtandao, namba ya IP ya kompyuta yake, yaani anwani yake kwenye mtandao, inaanza na 169.254. Unafanya nini? Kijana mmoja alikuja na vyeti vinne kwenye bahasha, akanyamaza. Aliyemfuata alikuwa na A+ peke yake na miaka miwili ya intaneti kafe. Akasema, "Hiyo kompyuta imejipa namba yenyewe kwa sababu haikupata ya DHCP, ile huduma ya mtandao inayogawa namba. Naanza na waya, naangalia kama taa ya pale unapochomekwa inawaka, halafu naangalia kama wenzake wa jirani wanapata." Nilimchukua yeye.

Usalama wa mitandao utaufikia. Lakini huwezi kulinda kitu usichojua kinavyofanya kazi. Anza na A+, fuata na mitandao, usalama uje wa tatu.

Hujambo dada. Nina miaka 34, niko Mombasa, nafanya uhasibu lakini mambo yote ya kompyuta na waifai ofisini naachiwa mimi. Je, ni lazima nipitie A+ kabla ya CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco? Msomaji, Mombasa.

Sijambo dada yangu. Si lazima. CCNA haidai cheti chochote kabla yake. Mtihani wake ni mmoja, 200-301, dakika 120, na ni mgumu kuliko A+ kwa upande wa mitandao. Kama tayari unajua kwa nini kompyuta moja inaona printa na ya pili haiioni, ingia. Jisajili Cisco Networking Academy, pakua Packet Tracer bure, programu ya kuigiza mitandao, ujenge mtandao wa ofisi yako humo ndani: ruta, swichi, kompyuta za kila chumba. Ukikwama kwenye hesabu za kugawa mtandao, usiziruke. Wewe ni mhasibu, namba hazikutishi.

Shikamoo. Binti yangu anasubiri matokeo ya kidato cha sita. Kuna chuo kimeniambia nikilipia kozi yao ya vyeti vitatu kwa miezi mitatu, ajira ni uhakika. Mzazi, Morogoro.

Marahaba. Ndugu yangu, hakuna cheti chenye ajira ndani yake, na anayekuahidi hivyo usimpe hela yako kwanza. Waulize mambo mawili: je, ada ya mtihani wenyewe imo, au watampa cheti cha chuo tu? Na je, kuna chumba chenye kompyuta ambazo wanafunzi wanaruhusiwa kuzifungua kwa bisibisi? Omba ukione hicho chumba. Mpeleke binti mwenyewe, umwache aongee na wanafunzi waliopo bila mwalimu kusimama karibu.