Unataka stej ya National Theatre, Nairobi? Anzia kwa setbuku

Juzi dadangu mmoja ameniandikia, "Kaka, nitaingiaje National Theatre na simjui mtu?" Nilimjibu usiku huohuo, lakini naona ni wengi mnauliza hayo maneno, wacha niandike hapa.

Anzia kwa setbuku, yaani kuwaigizia wanafunzi mashuleni vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa. Najua wengi wenu mnaidharau hiyo kazi, mnaona ni ya watoto wa shule, mnataka moja kwa moja shoo ya wikendi pale National, Harry Thuku Road, jina kwa bango la shoo. Mimi setbuku ndiyo ilinifunza. Mnaingia holi ya kulia chakula, meza zimesukumwa kando, maiki hakuna, na fomu foo wote wamekaa na kitabu mapajani. Ukiruka laini moja tu unasikia kurasa zinafunuliwa na mtu huko nyuma anakumalizia sentensi kwa sauti! Hapo ndipo utajua kama umeshika maneno ama unabahatisha. Na sauti utaitoa tumboni upende usipende, kwa sababu ukiitolea kooni shoo ya pili ya mchana itakukuta umekauka.

Wikendi iliyopita nilikuwa National nikiigiza mhusika mkuu, ukumbi umejaa, na hata wale wa safu ya mwisho walicheka pale pa kucheka. Nilijivunia sana, sitaficha. Sauti hiyo niliitoa kwa maholi ya shule.

Lakini malipo yaandikwe kabla ya mazoezi ya kwanza, mpige sahihi, na nauli itumwe kwa M-Pesa kabla hamjapanda gari. Kuna produsa alituzungusha mashule huku na huko akisema pesa inakuja wiki ijayo, mpaka leo sijaona hata ya nauli. Bado inaniuma, kwa sababu kuna wenzangu waliacha kuigiza kabisa, na walikuwa wazuri kuliko mimi.

Na hiyo stej muiheshimu jamani. Ilifunguliwa 1952, mwaka uleule wakoloni walitangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau, na hata baada ya uhuru shoo za wazungu ndizo zilikuwa zikitawala pale. 1976 waandishi marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo walipoleta tamthilia yao kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, walipewa siku chache tu, na bado watu walijaa, wakatoka nje wakiimba barabarani kuelekea hoteli ya Norfolk. Nafasi waliipigania, hawakupewa kwa hisani.

Basi dadangu, vikundi vingi hufanya mazoezi palepale National, kwa kiwanja cha Kenya Cultural Centre. Enda siku ya kazi, uliza mwelekezi ni nani, uwe umeshasoma kitabu kinachotahiniwa na laini za mhusika mmoja ziko kichwani. Akikuambia rudi kesho, rudi kesho.