Jibu: Tikolo alikuwa nahodha mwaka gani?

Salaam Mwalimu, nakujibu nikiwa Lindi mjini. Umekwama hapa: unaandika habari za Steve Tikolo, mchezaji wa kriketi wa Kenya, kwa ubao wa shule yenu Mikindani, na wanafunzi wanabishana kama ndiye aliyekuwa nahodha Kenya ilipoishinda West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, kwenye Kombe la Dunia la kriketi.

Hakuwa. Anza kuangalia mwaka, maana ndiko watu wanakoteleza. Mimi mwenyewe niliwahi kubandika kosa hilohilo, mzee mmoja akanisahihisha mbele ya watu, nikanywea. Mechi ile ilikuwa Pune, India, 1996, na nahodha alikuwa Maurice Odumbe. Tikolo alicheza, akapata mbio 29 (mbio ndizo pointi za kriketi), nyingi kuliko mpigaji mwingine yeyote wa Kenya siku hiyo. Kenya 166, West Indies 93. Hebu fikiria!

Unahodha wake uandike kwenye 2003. Kenya waliishinda Sri Lanka kwa mbio 53 Nairobi, Collins Obuya akichukua wiketi 5, yaani akiwatoa wapigaji 5, wakafika nusu fainali. New Zealand waligoma kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama, Kenya ikapewa pointi za bure. Usilifiche hilo, watoto watalichimbua tu. India wakawatoa Durban, ingawa Tikolo alipata 56.

Kombe la Dunia alicheza mara 5, 1996 hadi 2011. Baadaye akaifundisha Uganda.

Wakikuuliza "wiketi" yenyewe, ile anayoilinda mpigaji, ni nini, chomeka vijiti vitatu mchangani pale ufukweni uwaonyeshe. Kwa maneno matupu mimi nilishindwa.