Jibu: Vichaka vimejaa matunda, mbona nakufa njaa kwenye mchezo wa video wa Don't Starve?

Mkuu, ulichoeleza, kwamba unachuma matunda kutwa nzima na bado hufiki siku ya 10, kimetupata wengi. Shida ni hesabu. Mhusika wa kawaida ana pointi 150 za shibe na hupoteza 75 kila siku. Tunda bichi linarudisha kama 9 tu, ukilichoma 12.5. Utazunguka vichakani mpaka uzeeke.

Tengeneza chungu cha kupikia (Crock Pot) mapema: mawe 3 ya kuchonga, mkaa 6, vijiti 6, ukiwa karibu na mashine ya sayansi (Science Machine, kifaa cha kutengenezea vitu). Mkaa unaupata kwa kuchoma miti kisha kuikata (mimi niliwahi kuunguza na kambi yangu humohumo, kwa hiyo choma mbali). Halafu tega mtego juu kabisa ya shimo la sungura, hata chambo hakihitajiki. Tia chunguni kipande kimoja cha nyama yake na matunda 3, unapata mipira ya nyama: shibe 62.5. Matunda manne matupu yangekupa jamu ya 37.5, sawasawa na kuyala mabichi!

Nyama ya zimwi (Monster Meat, nyama ya viumbe wakali) isizidi kipande kimoja chunguni, na usitie kijiti, kitakugeuzia chakula kuwa mshikaki.

Uyoga nao usiule kwa pupa. Ule wa kijani ukiwa mbichi unakupunguzia pointi 50 za akili. Ukiuchoma unakurudishia 15. Mwekundu mbichi unakula afya 20, huo uache.